Homa ya Baharia

Enzi zetu, homa ilikuwa kamasi. Mtu akisema ana homa ulijua anapangusa pua kwa mkono wa sweta, anaongea kama amefungiwa ndani ya mtungi, na mamake ameshaweka tangawizi jikoni. Hakuna aliyeogopa homa. Homa ilikuwa likizo ya siku moja.

Najua, mtu wa kidato cha tatu akianza kusema "enzi zetu" anatafuta kofi. Lakini sisi ndio darasa la mwisho la mtihani wa KCPE. Tulipotoka mlango ukafungwa, na hawa waliotufuata wanapewa alama kwa kulea sungura na kupigwa picha kando ya mti walioupanda. Sungura akifa, mzazi anaitwa shuleni kueleza. Sisi tuliitiwa wazazi kwa makosa ya maana. Kwa hivyo tuna haki ya kuzeeka mapema, na mimi nimezeeka kuliko wenzangu kwa sababu kuna kitu nilikimeza nikiwa darasa la tatu, kikakaa kooni miaka yote kama mfupa wa samaki. Na Isiolo yenyewe hatuna samaki.

Mliokulia mtaa wetu wa Wabera mnanijua. Mimi ni Mwenda, yule wa duka la karibu na msikiti, mtoto wa Mama Mwenda. Mnakumbuka alasiri za pale? Upepo ulianza saa tisa, haukuchelewa hata siku moja, ukabeba vumbi na karatasi na kofia ya mwalimu, na ukifika nyumbani kutoka shule ulikuwa unatafuna mchanga kabla ya kupewa chakula. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, mpaka kidole gumba kikaota sugu. Tulicheza kati, mmoja katikati akikwepa mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa zile kamba za migomba zinazokuja na mafurushi ya miraa kutoka Meru. Tulikula ngumu, yale mandazi ambayo ukimrushia mbwa anakushtaki kwa chifu. Na jua likianza kulegea, Mama Guyo alipita na mtungi wake wa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na ukikaa kwa heshima alikumiminia kifuniko kimoja. Kimoja tu. Ukilamba midomo alikuambia, "Wewe, hii si mto, inaisha."

Mama yangu naye, Mmeru wa sukari na sabuni, alikuwa na msemo mmoja wa kunilea: "Mwenda, huo mdomo wako siku moja utazika mtu." Nilidhani ni maneno ya akina mama.

Guyo alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Guyo. Jamaa mrefu, miguu kama ya korongo, aliyemaliza kidato cha nne na kutangaza, mbele ya watu wazima wenye akili timamu, kwamba anataka kuwa baharia. Baharia! Mtu wa Isiolo! Ukoo wake wote ulikuwa Kulamawe, huko nyikani, na mifugo. Maji mengi zaidi aliyowahi kuona yalikuwa kwenye pipa. Wazee wakamuuliza kama amepigwa na jua. Yeye alikuwa amesikia tu kwamba jeshi la majini linaandikisha vijana, na kwamba ukijua kuogelea unapendwa zaidi.

Basi akajifunza kuogelea. Kwenye lagga.

Kwa wale mlioletwa mjini juzi, lagga ni mto usio na maji. Ni mchanga mtupu, mpaka mvua inyeshe mbali huko juu, ndipo unateremka siku moja kama ng'ombe walioshtuka, unabeba mbuzi na kuni na choo cha mtu, halafu unarudi kuwa mchanga. Guyo alilala kifudifudi juu ya mchanga huo, akapiga mikono, akapiga miguu, na sisi watoto kumi hivi tumekaa ukingoni tukimfundisha. Sisi, ambao bahari yetu ilikuwa karai.

"Pumua kwa upande, Guyo!"

"Papa huyo! Papa nyuma yako!"

"Amezama! Mtoeni!"

Alikuwa na karatasi yenye michoro ya mtu anayeogelea, ameilaza mchangani na kuiwekea jiwe. Akipiga mikono kumi anainua kichwa, anatema mchanga, anaisoma, anarudi chini. Akimaliza alikuwa mweupe kutoka nywele hadi kucha, na nyuma yake amebakiza alama kama ya mamba aliyepotea njia. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Na yeye alicheka nasi, hilo msilisahau. Hakuwa mtu wa kukasirishwa na mzaha.

Na alichukuliwa. Sijui aliogelea vipi huko. Aliporudi likizo alituambia tu kwamba maji ni rahisi, hayakwaruzi.

Likizo hiyo alishuka kwenye basi amevaa nguo nyeupe pe. Mnajua kutoka stendi hadi Wabera ni mwendo gani, na mnajua upepo wetu. Alipofika kwao alikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mamake akashika ule mkono wa shati, akauzungusha, akasema, "Serikali imekosa nguo ya rangi?" Meli, huyo mama aliiita ngamia ya maji. Guyo akamweleza ukubwa wake, watu inaobeba, mwendo wake, na mama akasikiliza yote kwa makini, halafu akauliza, "Inakunywa mara ngapi?"

Guyo ndiye aliyenipa jina la Redio. Alikuwa akinituma na ujumbe kwa mamake. Nikafika na ujumbe, na maoni yangu, na muziki katikati. "Huyu si mtoto," akasema, "hii ni redio. Shida ni betri. Inakata habari kabla haijaisha." Watu wakacheka, na jina likanishika. Nililipenda sana. Nilitembea nalo kifua mbele.

Wakati huo kulikuwa na vita vya Somalia. Kwetu watoto vita vilikuwa malori ya kijeshi yakipita barabara kubwa, na wazazi wakiongeza sauti ya habari halafu wakiipunguza mkiingia. Guyo alipelekwa huko na wenzake, upande wa pwani. Kuanzia hapo Mama Guyo hakuwa mtu yule. Simu yake aliifunga kwenye pembe ya leso, na ikilia alishtuka hadi maziwa yakamwagika. Aliogopa risasi. Aliogopa bomu la barabarani. Wabera nzima iliogopa pamoja naye, na baada ya sala watu walimtaja Guyo kwa jina. Kila mtu aliogopa chuma. Mbu hakuna aliyemfikiria.

Nyumba yake haikuwa na stima, kwa hivyo simu ilichajiwa dukani kwetu. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mama yangu alikuwa nyuma akipanga kreti, mimi niko kaunta na miaka yangu minane. Simu ikalia. Nikaishika.

"Salaam aleikum. Mamake Guyo yupo?"

Sauti ya Pwani. Kile Kiswahili laini kama kimepakwa mafuta ya nazi, ambacho sisi tulikikuta kwenye karatasi ya mtihani tu.

"Hayuko. Simu inachajiwa."

"Nawe u nani, mwanangu?"

"Mimi ni Mwenda. Wa duka."

"Haya, Mwenda, nisikize vizuri. Mimi naitwa Athmani, niko na Guyo kazini. Mwambie mamake, Guyo ana homa. Homa kali sana, amelazwa. Apige simu sasa hivi, kwa nambari hii hii. Asingoje. Guyo anamtaja yeye tu, ataka kusikia sauti yake. Umenifahamu?"

"Ndiyo."

"Hebu rudia."

"Guyo ana homa."

"Homa kali, mwanangu. Apige sasa hivi."

"Sawa."

Sasa nieleweni. Kwa yule mtu wa Pwani, homa ni mwili kuwaka moto. Ni kitanda, ni kutetemeka, ni jamaa kusimama mlangoni wakinong'ona. Kwetu huku bara homa ni kamasi. Neno ni lile lile, lilitoka baharini likaja Isiolo, likabadilisha nguo njiani. Mimi niliposikia "homa" nikaona Guyo, baba mzima wa kijeshi, amelazwa kwa sababu ya pua, analilia mamake. Nilianza kucheka kabla sijaweka simu chini.

Nikakimbia. Akina mama wa maziwa walikuwa wamekaa chini ya mabati yao, wanane au tisa, mitungi mbele yao, na Mama Guyo katikati. Nilipoondoka dukani nilikuwa na ujumbe. Nilipofika pale nilikuwa na kipindi.

"Habari kutoka baharini!" nikatangaza.

Mkono wa Mama Guyo ulisimama juu ya kifuniko. Nauona hadi leo. Vidole havikushika, havikuachilia. Wale wengine wote wakamwangalia yeye, si mimi.

Nikabana pua. "Baharia wetu ana homa! Anapenga kamasi hadi meli inayumba! Analia, 'Mama, mama, niletee kitambaa!'"

Halafu Mama Guyo akacheka. Nyinyi mnaomjua mtashangaa: alicheka mpaka akapiga paja, mpaka machozi yakatoka, na wenzake wote wakacheka naye, mmoja akadondosha mtungi.

"Homa tu?" akasema. "Alhamdulillahi! Mimi nimedhani ni risasi. Homa! Mwambie hiyo kijana avae sweta!"

Sijawahi kuchekesha watu hivyo. Sijawahi tena mpaka leo. Nilikuwa nimesimama katikati ya akina mama tisa wanaofuta machozi kwa sababu yangu. Ndipo Mama Guyo akavuta pumzi, akauliza, "Na amesema nipige simu?"

Nilikuwa nalo lile neno mdomoni. Sasa hivi. Asingoje. Lakini nikaangalia zile nyuso, nikajua nikilisema kicheko kitakufa palepale.

"Ukipata nafasi," nikasema.

Hilo ndilo nililolimeza.

Jumamosi ikapita. Mama Guyo alitafuta tangawizi, akatafuta asali, akafunga nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, ndani ya mkebe na kitambaa juu, akaulizia mtu anayesafiri. Jumapili kulikuwa na arusi ya jirani, akapeleka maziwa. Watu wakamsalimu, "Mgonjwa wa kamasi anaendeleaje?" na yeye akajibu, "Acha alie kidogo, jeshi wamemlea vibaya." Mimi nilikula pilau hapo. Nilikuwa mtu maarufu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu vya shule mlangoni pa duka alipokuja kuchukua simu, iliyolala dukani tangu Jumamosi kwa sababu Jumapili hatufungui. Akapiga hapo hapo, mtungi mkono mmoja, simu mkono wa pili, anatabasamu.

"Huyo mtu ya kamasi yuko wapi? Mpe simu."

Akasikiliza. Tabasamu halikutoka mara moja, lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa.

"Homa?" akasema. Akasikiliza tena. "Homa?"

Mara ya tatu hakutoa sauti, midomo tu. Kisha akaweka mtungi chini, taratibu, akahakikisha kifuniko kimekaza, akaketi sakafuni kando yake. Mama yangu akaruka kaunta. Mimi nilikuwa na kamba moja imefungwa na nyingine bado.

Ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Alifariki Jumapili adhuhuri. Ijumaa usiku alikuwa ameanza kupotea, Jumamosi asubuhi akazinduka, akaongea vizuri kwa saa kadhaa, akamwomba Athmani amtafutie mamake kwenye simu. Saa hizo kadhaa ndizo mimi nilizozitumia kwa kipindi changu.

Simu isingemponya. Najua. Nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko nilivyosoma jedwali la kuzidisha. Lakini Mama Guyo hakulilia dawa. Alililia sauti.

Wakamleta na jeshi likaja, na Wabera yote ikatoka. Nikasikia watu wakiulizana pembeni, "Ilikuwa risasi?" "La, ugonjwa." "Ugonjwa gani?" "Wanasema homa." Na ukaona bega la mtu likilegea kidogo. Walikuja tayari kwa shujaa. Hawakujua waiweke wapi homa. Na hawakuwa wamesahau kile kicheko cha Jumamosi. Wiki mbili baadaye mzaha wangu ukaanza kutembea bila mimi. Mtu akipiga chafya kwenye foleni ya maji, mwingine anasema, "Chunga, homa ya baharia!" Ukakaa. Ukawa msemo. Mnaujua. Wengi wenu mmeusema, na wengine wenu hamjui kwamba kulikuwa na baharia.

Mama Guyo alihitaji mtu wa kulaumu na akampata Athmani. "Mtu ya Pwani," alikuwa akimwita, akiegemea kaunta yetu, mwaka baada ya mwaka. "Mtoto yangu anakufa, yeye anasema homa. Angesema ukweli ningepiga saa hiyo. Ningesikia yeye hata neno moja." Kila Idd Athmani alipiga simu, na kila Idd Mama Guyo aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Mimi nilikuwa pale nikipanga sabuni. Nilipanga sabuni vizuri sana miaka hiyo. Halafu akiondoka ananiita, "Redio, kuja," na kunimiminia kifuniko cha maziwa. Nikanywa. Mngefanya nini?

Likizo hii iliyopita, nikiwa kaunta, nduthi, zile pikipiki za abiria, ikasimama na mtu akashuka. Miaka thelathini na kitu, kofia ya kitambaa, mfuko wa plastiki mkononi wenye pakiti ya haluwa. Akapangusa vumbi usoni.

"Salaam aleikum. Samahani mwanangu, kwa Mama Guyo ni wapi? Mamake yule baharia."

Mwanangu. Ilikuwa sauti ile ya simu.

Nawaambia ukweli wote leo kwa hivyo shikeni na huu: nilifungua mdomo nimwelekeze upande wa pili wa mji. Nilikuwa tayari nimeinua kidole. Mama yangu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwenda, mpeleke mgeni. Usimtume kama kifurushi."

Tukatembea. Yeye ndiye aliyeongea, maskini.

"Sijui nilimkosea nini huyu mama. Hashiki simu yangu. Nikasema basi, nimeacha kazi, nina nafasi, nende mwenyewe nikamuulize." Kisha akacheka kidogo peke yake. "Guyo alikuwa aogelea kama mtu achimbaye kisima. Tukamuuliza, nani alokufunza? Akasema, walimu wangu wako Isiolo, kumi, na hapana hata mmoja ajuaye kuogelea."

Nikatembea nikihesabu mawe ya njiani. Mimi, Redio.

Mama Guyo alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anafukiza mtungi moshi. Athmani akavua viatu penye lango.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam." Mkono ukasimama juu ya mtungi. Ni sauti aliyoitambua. "Wewe ni nani?"

"Athmani, mama. Rafikiye Guyo."

Hakuinuka. "Wewe ndio mtu ya homa."

"Mama..."

"Mtoto yangu anakufa, wewe unasema homa. Mimi nakaa hapa natafuta tangawizi! Nacheka! Unajua mimi nilicheka?"

"Mama, nilisema homa kali. Nikasema amelazwa. Nikasema upige saa ile ile, akutaka."

"Hukusema."

"Wallahi nilisema. Nilimwambia mtoto aliyeshika simu. Hata nikamwambia arudie."

"Na akarudia?"

Athmani akafikiri. Ni mtu mkweli. "Alirudia nusu," akasema.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye mdomo wa mtungi na hakuna aliyeuangalia. Mama Guyo akageuza kichwa, polepole, macho yakanipita, yakarudi kwangu.

"Redio," akasema. "Huyu mtu alisema nini?"

Na yeye, jamani, yeye mwenyewe akanifungulia mlango wa kutorokea. "Ulikuwa mtoto ndogo," akasema. "Labda umesahau."

Ningepita hapo. Ungekuwa wewe ungepita. Mtoto wa miaka minane, nani angenishika? Nikamtazama Athmani, ambaye alikuwa bado ameshika viatu vyake mkononi kama mtu asiyejua kama atakaribishwa.

"Sijasahau," nikasema.

Nikausema. Wote. Sikuweka muziki. Nikausema kwa Kiswahili chake, kwa sababu ndivyo ulivyokaa kichwani miaka yote: "Mwambie mamake, Guyo ana homa. Homa kali sana, amelazwa. Apige simu sasa hivi, kwa nambari hii hii. Asingoje. Guyo anamtaja yeye tu, ataka kusikia sauti yake." Na nikaongeza, "Ukaniuliza kama amesema upige. Nikasema ukipata nafasi. Hilo lilikuwa langu."

Mama Guyo akausukuma mtungi kando.

"Rudia hapo mwisho," akasema Mama Guyo.

"Hilo lilikuwa langu."

"Si hapo."

"Guyo anamtaja yeye tu. Ataka kusikia sauti yake."

"Tena."

Nikasema tena. Akavuta leso ikafunika uso wote, na akakaa hivyo, na tukasikia pumzi yake ikigonga kitambaa. Nilikuwa nangoja matusi. Nilikuwa nangoja kofi, na ningelipokea kwa mikono miwili. Alipoteremsha leso hakuniangalia.

"Wewe toka," akaniambia.

Kisha akasogeza kigoda cha pili kwa mguu. "Wewe ingia, mtoto yangu. Umesimama sana. Chai iko."

Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita kutoka ndani ya lango, sauti ile ya kuita mbuzi.

"Redio!"

Nikageuka.

"Watu walicheka. Enda uambie wao."

Nikaanzia kwa akina mama wa maziwa, chini ya mabati yale yale. Wawili wa siku ile wamefariki, waliobaki wamezeeka. Nikasimama pale pale. Wakaniona, wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, kwa sababu mimi nikisimama hivyo huwa kuna jambo. Nikawaambia. Nikaenda kwa kinyozi. Nikaenda stendi ya nduthi, kwenye foleni ya maji, kwa fundi viatu. Kila mahali ilikuwa hivyo: nikimaliza, watu wanabaki wameinua nyusi, wanangojea ile sehemu ya kuchekesha.

"Halafu?" mtu wa nduthi akaniuliza.

"Basi."

"Aah, Redio. Hiyo nayo ni stori gani?"

Sijui mama yangu alisikia kwa nani, lakini nilipofika nyumbani jioni hakusema lolote kuhusu mdomo wangu. Aliniwekea chakula akakaa kando yangu mpaka nikamaliza. Hajawahi kufanya hivyo tangu nianze kunyoa.

Siku hizi watoto wana bahati ambayo hawaijui. Mtu akiwa mbali anabonyeza simu, anaongea, na sauti yake inafika kama ilivyotoka, na mama anaweza kuisikiliza mara mia. Hawa wa sungura hawajawahi kutumwa na ujumbe mdomoni, wakakimbia nao juani, wakiuogopa usimwagike. Wakikosea neno, simu inawarekebisha. Nawacheka, lakini ningempa yeyote kati yao bano zangu zote, na sugu ya kidole juu yake, kama angenipa simu moja kama hiyo asubuhi moja tu ya Jumamosi.

Kifuniko cha maziwa sijapewa tena. Siombi. Athmani hupiga, na nasikia siku hizi simu ya Mama Guyo hailii mara mbili.

Shule ilipofunguliwa, wiki ya kwanza, kijana mmoja wa darasa la chini akapiga chafya kwenye foleni ya chakula, na mwenzake akasema, bila ubaya wowote, "Chunga, homa ya baharia!" Wakacheka. Nikatoka kwenye nafasi yangu, na mnajua nafasi ya foleni ya maharagwe ni kitu gani. Nikawaambia kulikuwa na mtu anaitwa Guyo, mrefu, alijifunza kuogelea kwenye mchanga wa lagga na karatasi chini ya jiwe, akaenda vitani, akapata malaria, akaomba kusikia sauti ya mamake.

Yule kijana akangoja. Akamtazama mwenzake, akanitazama mimi.

"Na mahali pa kucheka ni wapi?" akaniuliza.

"Hapo kwa mchanga," nikamwambia. "Cheka hapo kwa mchanga tu. Hata yeye alicheka hapo."